Bloki Iko Wapi? Mwongozo Kamili wa Kupima Ukarabati wa Vinasaba Kwenye Uvimbe wa Saratani

Swali langu la kwanza kwa ndugu wa mgonjwa anayefika dirishani kwetu ni hili: bloki iko wapi? Wengi hunitazama tu. Mkononi wana karatasi ya daktari iliyoandikwa "MMR" au "MSI". Wametoka Ocean Road, taasisi ya saratani hapa Dar es Salaam, baada ya kupanga foleni tangu alfajiri, wamepanda bajaji mpaka Upanga, na hakuna aliyewaeleza kwamba kipimo hiki hakimhitaji mgonjwa aje wala atolewe damu. Kinafanyika kwenye kile kinyama alichokatwa miezi miwili iliyopita, ambacho sasa kimelala ndani ya kipande cha nta kinachoitwa bloki, katika kabati la hospitali aliyopasuliwa. Pengine Amana. Pengine Mtwara.

Nimekata vinyama na kupaka slaidi rangi kwa miaka mingi katika jiji hili. Mwongozo huu nimemwandikia mgonjwa, pamoja na yule ndugu anayebeba faili kutoka mlango mmoja hadi mwingine, kwa sababu nimeona kipimo kizuri kikiharibika mikononi mwa watu wema ambao hawakuambiwa la kufanya.

Kinachopimwa hasa

Seli ikitaka kugawanyika hunakili vinasaba vyake vyote, herufi kwa herufi, mabilioni ya herufi. Makosa hayakosekani. Ndiyo maana mwili una mafundi wa kupita nyuma ya kazi, kulitafuta kosa, kulikata na kuandika upya. Mafundi wa kundi moja, ambalo kwa kifupi huandikwa MMR, ni protini nne ambazo majina yake utayakuta kwenye majibu yako: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Mwaka 2015 Paul Modrich alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kueleza jinsi kazi hii ya kusahihisha inavyokwenda.

Mafundi hawa wakikosekana, makosa hujaa kwanza mahali penye herufi zinazojirudia. Chukua kalamu uandike herufi A mara 26 mfululizo bila kuhesabu, kisha rudia mara mia. Utakosea tu: hapa 25, pale 27. Ndani ya vinasaba vyetu kuna sehemu kama hiyo, inaitwa BAT-26, na maabara huitumia kujua kama uvimbe umepoteza mafundi wake. Vipande hivyo vinavyojirudia huitwa mikrosatelaiti, na kuyumba kwake ndiko kunakoandikwa kwa kifupi MSI.

Lipo kundi lingine la mafundi, linalohusika na BRCA1 na BRCA2, ambalo huunga uzi wa vinasaba uliokatika pande zote mbili. Hilo lina vipimo vyake na nitaligusa mbele. Nianze na MMR kwa kuwa linaanzia kwenye kazi ya kawaida ya patholojia: nta, kioo, rangi na darubini.

Nani apimwe

Kila mwenye saratani ya utumbo mpana au puru, na kila mwanamke mwenye saratani ya mji wa mimba. Huo ndio msimamo wa miongozo mikubwa ya kitabibu duniani, bila kujali umri. Kwenye utumbo mpana, takriban uvimbe 15 kati ya 100 huwa na kasoro ya MMR, yaani mafundi hao wamekosekana. Kwenye mji wa mimba ni wengi zaidi, kati ya robo na theluthi. Kwa saratani ya tumbo, utumbo mwembamba na nyingine zilizosambaa, daktari ataamua.

Hapa nisimame kidogo, maana watu wamepoteza fedha. Mtaani tunasema "saratani ya kizazi" kwa magonjwa mawili tofauti. Saratani ya shingo ya kizazi, inayoletwa na kirusi cha HPV na ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wetu, mara chache sana huwa na kasoro ya MMR. Saratani ya mji wa mimba wenyewe ndiyo tunayoizungumzia. Kabla hujalipa hata shilingi, mwombe daktari akuoneshe kwenye majibu ya kinyama ni ipi kati ya hizo mbili.

Halafu muulize swali la pili: majibu haya yatabadilisha nini kwenye matibabu ya mgonjwa wangu? Daktari makini hatachukia. Majibu yanaweza kubadilisha mambo matatu.

La kwanza ni tiba ya kinga, yaani dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani. Mei 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mojawapo, pembrolizumab, kwa uvimbe wowote ulioenea wenye kasoro hii, bila kujali ulianzia kiungo gani, jambo ambalo halijawahi kufanyika kabla ya hapo. Mwaka 2022 madaktari wa Memorial Sloan Kettering, New York, walitoa taarifa ya wagonjwa 12 wa kwanza wenye saratani ya puru yenye kasoro ya MMR waliopewa dostarlimab, dawa ya aina hiyohiyo, kwa miezi sita: kwa wote 12 uvimbe ulitoweka, bila mionzi wala kisu. Nilisoma taarifa ile mara tatu. Lakini nakuomba sana, usiuze kiwanja kwa sababu ya aya hii. Dawa hizi ni ghali mno, na unapaswa kujua kwanza zinapatikanaje, kwa muda gani na nani atalipa.

La pili halina gharama kubwa, na kwa familia nyingi za hapa ndilo lenye faida ya haraka. Mgonjwa wa utumbo mpana hatua ya pili mwenye kasoro ya MMR kwa kawaida huwa na matumaini mazuri baada ya upasuaji, na kemo ya fluorouracil peke yake, au vidonge vya capecitabine peke yake, haimsaidii. Yaani kipimo kinaweza kumwepusha na miezi ya kutapika na nauli za bure.

La tatu ni watoto na ndugu zake. Nitalirudia, maana kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote.

Hatua ya 1: Kinyama kitunzwe tangu dakika ya kwanza

Kipimo hiki huharibikia chumba cha upasuaji kabla hakijafika maabara. Protini huanza kuoza mara tu kinyama kinapotoka mwilini, na joto la Dar halisubiri. Kinyama kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa ndani ya saa moja. Fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kikae humo kwa saa 6 mpaka 72, si pungufu, si zaidi. Kipande kikubwa cha utumbo kipasuliwe kwa urefu ili dawa ipenye, la sivyo nje kitaiva na ndani kitaoza.

Niliwahi kupokea utumbo wa baba mmoja umekunjwa kwenye kopo lenye mdomo mwembamba, ukielea kwenye maji ya chumvi. Ulikuwa na siku mbili njiani. Kijana wake aliubeba vizuri kabisa, ameufunga kwa kitambaa, amesimama ndani ya mwendokasi kutoka Kimara ameukumbatia. Hakukosea kitu. Aliyempa kopo ndiye aliyekosea. Tulipopaka rangi, hapakuonekana chochote cha kusomeka, na baba hakuwa na uvimbe mwingine wa kukata.

Kwa hiyo kama wewe ndiye utakayekabidhiwa kopo, uliza papo hapo: hii ni fomalini? Isiwe spiriti, isiwe maji ya chumvi, na usikiweke kwenye friza. Kopo liwe na mdomo mpana na mfuniko unaobana. Lebo ibandikwe kwenye kopo lenyewe, si kwenye mfuniko: jina, namba ya faili, sehemu ya mwili, tarehe, na saa kilipokatwa. Saa watu huisahau, na bila saa sisi maabara hatujui kama kimeiva. Fomalini ni sumu. Usiinuse, na ikimwagika mkononi nawa kwa maji mengi.

Kwa mgonjwa wa puru atakayeanza na mionzi na kemo kabla ya upasuaji, kipimo kifanyike kwenye kile kinyama kidogo cha mwanzo. Matibabu yanaweza kuifanya MSH6 ififie hata kwa mtu ambaye hana kasoro, na kwa wengine uvimbe huyeyuka wote, pasibaki cha kupima.

Hatua ya 2: Itafute bloki

Bloki ni kipande cha nta ya parafini kilichoshikwa kwenye kikasha kidogo cha plastiki chenye namba, chaweza kukaa kiganjani. Ndani yake mna kinyama chako. Kikitunzwa pakavu na penye kivuli hupimika hata baada ya miaka. Karatasi ya majibu haitoshi, na picha ya karatasi kwenye simu ndiyo kabisa: maabara haiwezi kupima karatasi.

Tatizo la hapa kwetu ni kwamba mgonjwa hupasuliwa hospitali moja, kinyama husomwa maabara nyingine, na matibabu hufanyika ya tatu. Anza na karatasi ya majibu ya patholojia. Juu yake kuna namba ya maabara, tofauti na namba ya faili la hospitali. Hiyo ndiyo utakayoitaja. Nenda na barua ya daktari anayetibu, kitambulisho cha mgonjwa, na kama mgonjwa hawezi kwenda, barua yake ya kukutuma. Omba bloki yenye uvimbe pamoja na nyama nzima isiyo na saratani pembeni. Kama kulikuwa na bloki kumi, mwombe bingwa wa patholojia achague, usichague wewe.

Wakikataa kutoa bloki, omba slaidi ambazo hazijapakwa rangi, nane au kumi, ili zibaki za akiba. Lakini slaidi zipelekwe kupimwa mapema, kwa kuwa protini kwenye kioo hufifia kadiri wiki zinavyopita. Bloki ni bora.

Usiache bloki ndani ya gari lililoegeshwa juani. Parafini huyeyuka karibu na nyuzi 60, na dashibodi ya gari mchana wa Februari pale Kariakoo haiko mbali na hapo.

Hatua ya 3: Kipimo gani, na uulize nini

Kipimo cha kuanzia ni imunohistokemia. Tunakata utando mwembamba wa bloki, tunauweka kwenye kioo, tunamwaga kingamwili inayoitafuta protini moja, kisha rangi. Protini ikiwepo, kiini cha seli huwa cha kahawia. Ukiwa na protini nne, unahitaji vioo vinne.

Waulize maabara: mnapima zote nne? Kama fedha ni ndogo, ipo njia inayokubalika ya kuanza na mbili, PMS2 na MSH6. Mafundi hawa hutembea wawili wawili. MLH1 ikipotea, PMS2 hukosa wa kumshika nayo hupotea. MSH2 ikipotea, MSH6 huifuata. Kwa hiyo ukiwaona hao wawili wapo, mara nyingi wenzao wapo. Mmoja akikosekana, ndipo unalipia zile nyingine. Usikubali mbili za kubahatisha, mathalani MLH1 na MSH2 peke yake, maana mtu aliyepoteza PMS2 tu au MSH6 tu atapita bila kuonekana.

Kipimo cha pili ni PCR ya mikrosatelaiti, kinachohesabu zile herufi zinazojirudia. Kwa utaratibu wa alama tano, zikiyumba mbili au zaidi majibu huandikwa MSI-H. Isipoyumba hata moja, MSS. Hiki hufaa pale imunohistokemia ilipoleta majibu yenye utata, au pale ambapo familia ina saratani nyingi lakini vioo vinne vyote ni vya kahawia. Kipimo cha tatu, cha kusoma vinasaba vingi kwa mpigo, ni ghali zaidi na mara nyingi hudai sampuli isafiri.

Hatua ya 4: Kusoma majibu bila kutishika

Kijana mmoja alikaa kwenye benchi letu akilia. Alikuwa amesoma neno "positive" mara nne kwenye karatasi ya mama yake, na kwa alivyozoea yeye neno hilo kwenye karatasi ya hospitali halijawahi kuleta heri. Kumbe majibu yale yalimaanisha protini zote nne zipo. Mfumo wa ukarabati ulikuwa mzima.

Basi lishike hili. "Positive", "intact" au "retained" maana yake protini ipo. "Negative" au "loss" maana yake imepotea. Zote nne zikiwepo, majibu hufupishwa pMMR. Hata moja ikipotea, dMMR. Na dMMR si hukumu ya kifo. Kwa baadhi ya wagonjwa ndiyo inayofungua mlango wa dawa.

Kabla ya kuamini neno "loss", tafuta sentensi inayotaja seli za kawaida zilizo kwenye kioo hichohicho, kama limfosaiti au seli za tishu unganishi. Hizo lazima ziwe na rangi. Kama nazo ni tupu, kioo kimeshindwa, pengine kwa fomalini mbaya, na kipimo kirudiwe. Majibu yasiyotaja jambo hilo yarudishe kwa adabu na uombe bingwa ayaongezee.

Sasa mpangilio wa kilichopotea:

MLH1 na PMS2 zikipotea pamoja, mara nyingi si ya kurithi. Jeni limezimwa ndani ya uvimbe wenyewe, hasa kwa wazee. Kwa saratani ya utumbo mpana, daktari ataomba kipimo cha BRAF V600E, badiliko moja la jeni ndani ya uvimbe. Kikikuta badiliko hilo, urithi karibu unaondoka mezani. Kwa mji wa mimba BRAF haisaidii, hapo hupimwa kama MLH1 imezimwa kwa metilesheni, yaani alama za kikemia zinazolifunga jeni.

MSH2 na MSH6 zikipotea, au MSH6 peke yake, au PMS2 peke yake, fikiria urithi. Jina lake ni sindromu ya Lynch, na hatua inayofuata ni damu ya mgonjwa, si bloki tena.

Kuhusu BRCA na sampuli za kusafiri

Mwenye saratani ya ovari, na baadhi ya wenye saratani ya titi, tezi dume au kongosho, anaweza kuombwa kipimo cha BRCA. Jeni ya BRCA1 ilitambuliwa mwaka 1994 na BRCA2 mwaka 1995. Dawa za kundi la olaparib hufanya kazi vizuri zaidi pale ukarabati huu unapokosekana. Damu huonesha badiliko la kurithi tu. Uvimbe huonesha la kurithi na lile lililozaliwa ndani ya uvimbe, bila kukuambia ni lipi. Ukipimwa uvimbe ukakutwa na badiliko, bado damu itahitajika kwa ajili ya watoto.

Sampuli ya vinasaba haisafirishwi kwa bahasha na rafiki anayepanda ndege. Tanzania ina sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Acha hospitali ishughulikie vibali, na wewe soma fomu ya ridhaa kabla ya kuitia saini: sampuli itatumika kwa nini, itabaki kwa nani, majibu yatarudi kwa nani. Ikiwezekana wapeleke slaidi, bloki ibaki nchini. Barafu haihitajiki kwa vitu vya parafini.

Hatua ya 5: Ndugu

Mtoto wa mtu mwenye Lynch ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, wa kiume sawa na wa kike. Kwa hiyo majibu ya mgonjwa mmoja ni habari ya ukoo.

Chora ukoo kabla ya kumwona daktari: watoto, ndugu wa tumbo moja, baba na mama, shangazi, wajomba, bibi na babu wa pande zote mbili. Mbele ya kila jina andika ugonjwa na umri alipougua. Hautapata neno "saratani" kwa wazee waliofariki zamani. Utasikia "alikufa na tumbo", "alikuwa anatoka damu", "alikauka". Andika hivyohivyo. Mpigie simu shangazi mkubwa, yeye ndiye anayekumbuka.

Nimeona familia ambayo vifo vitatu vya namna hiyo viliwagawa, kila upande ukiunyooshea mwingine kidole kwamba unaroga. Walipoketi kikao na majibu mezani, ya MSH2, mama mdogo mmoja ambaye hakuwa amekanyaga msiba wa upande ule kwa miaka sita aliuliza tu, "Kwa hiyo dada hakufanyiwa kitu?" Chumba kizima kilinyamaza.

Utaratibu ni huu. Damu ya mgonjwa kwanza, ili badiliko lenyewe lijulikane. Ndugu wazima ndipo wapimwe badiliko hilohilo, kwa hiari yao, baada ya ushauri. Asiyelirithi anarudi kwenye hatari ya kawaida na hahitaji ufuatiliaji wa ziada. Aliyelirithi huchunguzwa utumbo mpana kwa kamera kila mwaka mmoja hadi miwili, kuanzia umri wa miaka 20 hadi 25 kwa MLH1 na MSH2, na baadaye kidogo kwa MSH6 na PMS2. Vivimbe vidogo hukatwa hapohapo kabla havijageuka. Mwanamke mwenye badiliko akitokwa damu nje ya siku zake au baada ya kukoma hedhi, aende hospitali wiki hiyohiyo.

Aspirini nayo ina nafasi yake. Utafiti wa CAPP2, uliotumia miligramu 600 kwa siku, ulionesha saratani ya utumbo mpana ikipungua kwa wenye Lynch baada ya miaka. Lakini aspirini hutoboa tumbo la mwenye vidonda, kwa hiyo usijinunulie duka la dawa. Uliza daktari kipimo kinachokufaa.

Faili lako

Majibu yakitoka, omba nakala mbili zenye mhuri, moja ya daktari na moja ya nyumbani. Kwenye faili la nyumbani weka karatasi ya kwanza ya patholojia, majibu ya MMR, mchoro wa ukoo, na karatasi moja yenye namba ya bloki na jina la maabara inayoitunza. Namba hiyo iandike pia kwenye simu za watu wawili. Kisha ile bloki uliyoazima irudishe ilikotoka, wakusainie kwamba wameipokea, na saini hiyo nayo uiweke humo.